Kofia Mezani

Melini, 12 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima, miguu haijavimba, na yule jirani mpiga tarumbeta amehama.

Mimi sijambo. Nimekula, nimelala, nimekata nywele. Hayo nayatanguliza kwa sababu najua ndiyo unayoyatafuta, na usipoyaona unaisoma barua yote kwa hasira.

Umeniuliza mara mbili sasa kazi yangu hasa ni nini, nami mara zote nikajibu kwamba ninahudumia watu. Ukasema hiyo si kazi, hiyo ni tabia. Basi nikueleze. Ghorofa ya juu ya meli hii kuna ukumbi wa bufe, yaani kila abiria anachukua trei, anajipakulia mwenyewe anachotaka, kisha anatafuta pa kukaa. Kujipakulia hakuna shida, chakula kipo cha kulisha mji. Shida ni pa kukaa. Msimu wa likizo, meli ikijaa, abiria wanaingia wote kwa pamoja kama waliotangaziwa kwamba chakula kinaisha. Wanabeba supu, mayai, mkate na keki, halafu wanageuka na kukuta hakuna meza hata moja. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Ninawatafutia watu meza. Wenzangu wameacha kuniita jina, wananiita Meza. Hawajui kwamba nyumbani naitwa Kinda, na sina mpango wa kuwaambia.

Usicheke. Kazi hii ina ujuzi wake. Abiria wengi wanaangalia sahani. Wakiona sahani tupu, wanasimama pembeni na kumkodolea macho mwenyewe mpaka chai impalie. Sahani haisemi kitu, mtu anaweza kukaa na sahani tupu hadi chakula cha jioni. Mimi naangalia miguu. Anayekaribia kuondoka anairudisha chini ya kiti. Aliyevua viatu, mpite. Mama anayempangusa mtoto mdomo, msubiri. Akianza kumpangusa mikono, kalete trei yako. Mume na mke walionuniana wanaondoka upesi kuliko mtu yeyote, ila huwezi kuwaombea watu wagombane.

Adui yetu mkubwa ni kofia. Mtu anaamka alfajiri, anaweka kofia yake juu ya meza ya watu sita pale dirishani, kisha anakwenda kuogelea. Kofia inakaa. Haili, hainywi, haiondoki. Watu wanazunguka na trei, supu inapoa, na hakuna anayethubutu kuigusa kwa sababu ina mwenyewe. Kanuni inaturuhusu kuiondoa. Lakini abiria akilalamika tunaulizwa sisi, kwa hiyo tunaitazama tu.

Msimamizi wetu wa ukumbi, mama mmoja mrefu asiyecheka, amesema nikiendelea hivi siku moja ukumbi utakuwa chini yangu. Anataka nibaki misimu mingine miwili. Bado sijamjibu.

Msalimie fundi saa.

Mwanao,
Kinda

*

Nyumbani, 30 Machi

Mwanangu Kinda,

Marahaba. Barua yako imefika imechelewa na pembeni imelowa, lakini inasomeka. Miguu haijavimba. Mpiga tarumbeta hajahama, amepata mwenzake wa ngoma. Bomba la jikoni lilikuwa linavuja, sasa limeacha lenyewe, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Mama mwenye duka la pembeni anakusalimu na kulalamika kwamba umemsahau. Nimemwambia apange foleni.

Kazi yako nimeielewa na nimewaeleza watu. Mama wa duka alishindwa kuelewa. Akauliza, meli kubwa namna hiyo ikose viti? Nikamwambia viti vipo, ila vimekaliwa na kofia.

Jambo hili la kofia limeniudhi, sikufichi. Mimi nimemaliza umri wangu wa kazi kwenye dirisha la vitu vilivyookotwa pale stesheni, na wewe masomo yako umeyafanyia chini ya meza yangu pale pale, tangu kaka yangu alipofariki na kuniachia mtoto mwenye mdomo wazi kama kinda. Sheria yangu unaijua. Kitu kisicho na mtu kimepotea. Hakuna cha "mwenyewe atarudi". Ukianza kumngoja kila mwenye mwavuli, stesheni yote itajaa miavuli na abiria watakosa pa kusimama. Kinaokotwa, kinaandikwa, kinawekwa kwenye rafu. Mwenyewe akija anaulizwa maswali mawili, anapewa, anakwenda zake.

Sasa habari ya hapa. Fundi saa ameniuliza tena kama nitakubali anioe. Ameuliza vizuri, kavaa shati lililopigwa pasi. Mwenye nyumba wake anakitaka kile chumba anachofanyia kazi na kulala, na zile saa zake zote za ukutani hazina pa kwenda. Anasema ahamie hapa, saa zikae chumbani kwako. Nimemwambia chumba kile kina mwenyewe. Shuka nimebadilisha juzi. Viatu vyako vya mpira viko pale pale nyuma ya mlango, navipangusa vumbi. Nimemwambia hatapata jibu, si ndiyo wala siyo, mpaka nijue wewe unarudi lini. Siwezi kumweka mtu mahali pako halafu siku moja uje na begi lako, usimame mlangoni ukitazama saa. Amesema atangoja.

Usidhani nakuharakisha. Mimi sina haraka ya kuolewa, chumvi niliyokula inatosha. Nauliza tu. Ulisema mkataba mmoja, ukasema mwingine wa kumalizia, ukasema na huu kwa kuwa umeshazoea. Huyo msimamizi wako umemjibu nini?

Simu usipige. Kwenye simu unasema "nipo, nipo" kama mwanafunzi anayeitwa jina, halafu laini inakatika.

Shangazi yako

*

Melini, 9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako iliningoja kwenye ofisi ya wakala bandarini mpaka tulipozunguka na kurudi. Pole na bomba. Usiliguse, mwite fundi. Nami nimepata mafua na yamepona.

Nina habari njema. Kila mfanyakazi aliyekaa muda mrefu anaruhusiwa kumleta ndugu mmoja kusafiri kama abiria. Nimeandika jina lako. Utakuwa na chumba chako mwenyewe, chenye dirisha, si kama sisi huku chini. Ubaya ni kwamba nafasi waliyonipa ni ya Agosti, na Agosti ndiyo safari iliyojaa kuliko zote. Ubaya wa pili, kanuni hairuhusu mfanyakazi kuingia chumbani kwa abiria, wala kukaa naye meza moja. Tutaonana kila siku, lakini mimi nitakuwa nimesimama.

Nakupa maarifa ya bufe mapema. Usiingie na njaa, ingia nusu saa kabla ya kusikia njaa. Usianze na supu, supu inataka mikono miwili na utahitaji mkono wa kusogeza kiti. Usisimame katikati kama wenzako, nenda moja kwa moja mpaka mwisho, nyuma ya nguzo, pale karibu na mlango wa vyombo vichafu. Pana kelele na watu wanapadharau, kwa hiyo mara nyingi pana meza ya watu wawili. Angalia miguu. Ukiona kofia, pita, usipoteze muda kuichukia.

Fundi saa ni mtu mzuri, nimesema hivyo siku zote. Mwambie avumilie kidogo.

Kuhusu jibu la msimamizi, kengele ya chakula imelia hapa, wacha nikimbie.

Mwanao,
Kinda

*

Nyumbani, 20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Hiyo kengele yenu inajua kulia.

Nakuja. Nimeshashona magauni mawili, na la tatu nimeazima kwa mama wa duka, ambaye sasa anaona kama na yeye anasafiri. Fundi bomba alikuja, akalitazama, akaguna, akaondoka. Fundi saa ameshapewa notisi na mwenye nyumba, saa nyingine ameanza kuzipanga kwenye maboksi. Hajaniuliza tena. Ananisalimia tu asubuhi na kuniambia ni saa ngapi.

Kila mtu nimemwambia nakwenda kukutembelea. Fundi saa peke yake ndiye niliyemwambia nakwenda kufanya nini.

Shangazi yako

*

Chumbani kwangu, ghorofa ya sita, 3 Agosti, baada ya kifungua kinywa

Mwanangu Kinda uliyeko chini,

Tumeonana leo, lakini salamu ni salamu. Hujambo? Mimi sijambo, nimelala vizuri, ila kitanda kinatembea. Barua hii nampa mhudumu wa vyumba akuletee. Ameniuliza kwa nini nisikungoje ukumbini niseme nawe. Nikamwambia wewe ukiwa kazini husemeki.

Umekonda mashavu. Tena ulinipita na trei za watu ukaniambia, "Karibu sana, mama," kama unavyowaambia wote. Nilikuwa karibu kukuchapa kofi la upendo.

Nimefuata maarifa yako yote. Nyuma ya nguzo nilikuta watu wanne kwenye meza ya watu wawili, na wote nao walikuwa na sura ya kuwa na ndugu melini. Nikaangalia miguu. Kinda, ukumbi mzima wamevua viatu! Nikazunguka na yai langu mpaka likapoa kabisa.

Hapo ndipo nilipogundua jambo. Abiria wenu ni wasahaulifu, sijapata kuona. Meza ya dirishani mtu kasahau kofia kubwa ya majani. Meza ya pili miwani ya jua. Nyingine kitabu kimefunuliwa kikalazwa kifudifudi, taulo, kiatu kimoja cha mtoto. Moyo uliniuma, nikamfikiria yule mama anavyomtafutia mwanawe kiatu. Nikachukua trei tupu, nikavikusanya vyote, nikavipeleka mapokezi. Binti wa mapokezi hakujua avifanye nini, maskini, hawakumfundisha. Nikamfundisha. Tumekata karatasi ndogo, tumeandika kila kitu na mahali kilipookotwa, na sifa za mwenyewe pale zilipowezekana.

Niliporudi watu walikuwa wameshakaa, wanakula, wanaongea. Mzee mmoja alisimama akanipa mkono. Nikapata meza ya dirishani na yai jipya.

Mchana nitapita tena.

Shangazi yako

*

Ghorofa ya chini, 3 Agosti, jioni

Shangazi,

Shikamoo. Nafurahi umelala vizuri.

Naomba usipite tena. Najua ulishapita mchana, nilikuona, nilikuwa nimebeba sufuria ya supu na sikuweza kukimbia. Vile vitu havikusahauliwa. Ndizo zile kofia nilizokueleza. Wenyewe waliviweka makusudi.

Foleni ya mapokezi ilifika kwenye ngazi. Binti wa mapokezi anamuuliza kila mmoja maswali mawili kabla ya kumpa chake, na anasema ndivyo alivyofundishwa. Mwenye kofia ya majani ameomba kuonana na nahodha. Kwenye karatasi yake mmeandika "mwenyewe ana kichwa cha kutosha". Miwani wamepewa watu wasio wenyewe, nao wamezipenda.

Mimi nimetolewa kwenye meza. Nasukuma toroli la vyombo vichafu mpaka mambo yatulie. Msimamizi anataka kukuona kesho asubuhi ofisini kwake. Tafadhali nenda ukamwombe radhi. Usimfundishe kazi.

Ila niseme ukweli, mchana wa leo hakuna aliyekula amesimama. Msimu huu nilikuwa sijaliona hilo.

Mwanao,
Kinda

*

Ghorofa ya sita, 4 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo.

Nimemwomba radhi msimamizi wako. Sikumfundisha kazi, nilimuuliza maswali tu. Ni mtu wa maana. Hacheki kwa sababu ana jino linalomsumbua, na hakuna anayemuuliza. Nimemwambia asukutue kwa maji ya chumvi. Kofia sitazigusa tena, nimeahidi, ingawa leo nimepita mbele ya ile ya majani na mkono uliniwasha.

Amekusifu. Amesema wewe ndiye tegemeo lao, na hata toroli unalisukuma vizuri. Akaniambia na jambo jingine, jibu ulilompa. Alidhani ninalo. Nilitikisa kichwa kama mtu anayelijua tangu zamani, kwa sababu sikutaka kukuaibisha mbele ya mkubwa wako, na mimi mwenyewe sikutaka kuaibika. Halafu nikatoka, nikasimama kwenye ngazi nikaishika ile reli. Watu walidhani ni mawimbi.

Jambo lenyewe siliandiki hapa. Kulisema ni kazi yako. Nami nina langu, nitalisema likishatoka lako.

Leo mchana nilipata ile meza ya watu wawili nyuma ya nguzo. Nikala peke yangu, huku nakuona unapita na toroli. Kila mara mtu alikuja na trei akauliza kama kile kiti cha pili kina mtu. Nikajibu kina mtu. Wakaenda zao na supu zao zinamwagika. Niliona aibu, lakini sikukiachia.

Kesho kutwa tunafika.

Shangazi yako

*

Ghorofa ya chini, 5 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Nimeianza barua hii tangu jana, na kila nikianza naishia kwenye salamu.

Kinda

*

Melini, 24 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nimepata ujumbe kwamba ulifika salama na mizigo yote, pamoja na taulo moja la meli. Taulo lirudishe, au liandikie karatasi.

Hapa hali shwari. Mafua yamerudi. Msimamizi amesukutua kwa maji ya chumvi na anakusalimu.

Nakuandikia kwa sababu nimekuwa nikiifikiria ile siku ya mwisho, kisha naamka kitandani nakaa wima. Nililiacha toroli katikati ya ukumbi, sahani zimerundikana, wahudumu wote wananitazama. Nikaja nikakaa kwenye kile kiti cha pili mezani kwako, na sare yangu na aproni yangu, mbele ya abiria mia kadhaa wanaosaka meza. Roho ilikuwa juu. Maneno yale nimeyabeba tangu Machi, maana barua yako ya kuniuliza iliponifikia nilikuwa nimeshamkubalia msimamizi. Kila nilipotaka kukuandikia nilikuona umekaa na shuka langu mkononi. Niliona nikikwambia nitakuua. Basi nikajikaza nikasema, "Shangazi, mimi sirudi. Nabaki huku. Kazi hii naipenda."

Nawe ukatafuna keki, ukameza, ukasema, "Basi mimi naolewa." Kisha ukaniuliza kama nitakula yai.

Shangazi! Yaani muda wote huo mimi naficha ili nisikuumize, na wewe umemweka mtu wa watu kwenye maboksi ili usiniumize mimi. Nilicheka mpaka yai likanipalia. Nawe ulikuwa unacheka, usikatae. Na msimamizi alipokuja, nikajua kazi imekwisha. Akanitazama, akatazama sahani yangu, akauliza kama nimemaliza, kwa sababu kuna watu wanangojea meza.

Amenirudisha kwenye meza tangu wiki iliyopita.

Sasa nina swali la kitoto, na hakuna mwingine wa kumuuliza. Chumba changu umekifanya nini? Huku chini hakuna dirisha. Usiku nikikosa usingizi huwa nakipita kile chumba kichwani, mlango, viatu, kitanda, ule ufa wa dari. Sikuwa na nia ya kukirudia. Nilitaka kiwepo tu, na wewe uwe unapangusa vumbi. Nikiliandika hivi naona lilivyo baya. Fundi saa alikuwa analala wapi mimi nikiwa napita chumbani kwangu kwa mawazo? Lakini linauma, na ulisema mambo yangu niyaseme mwenyewe.

Hongera, Shangazi. Inatoka moyoni.

Mwanao,
Kinda

*

Nyumbani, 2 Novemba

Mwanangu Kinda,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa naolewa. Taulo liliingia kwenye begi lenyewe.

Harusi ilikuwa ndogo. Gauni lile la kuazima mama wa duka alilitaka kabla sherehe haijaisha, akavaa yeye. Mpiga tarumbeta na mwenzake wa ngoma walipiga bila kualikwa, na bila kupatana wimbo. Bwana harusi alifika kabla ya wakati, akasimama nje mpaka wakati ufike. Bomba limeanza kuvuja tena, sasa nimetulia.

Umeuliza chumba. Nilikifungua kesho yake baada ya kurudi safarini. Fundi saa alitaka kunisaidia kutoa kitanda, nikamwambia akae nje, hili langu. Nilitoa shuka, nikatoa viatu, nikatoa daftari zako za darasa la tatu zenye alama za kutia huruma. Vyote viko kwenye boksi juu ya kabati, havijatupwa. Nilipofika kwenye godoro nikakaa chini nikalia. Kule melini sikulia kwa sababu nilikuwa na keki mdomoni na watu wananitazama. Hapa nililia, tena kwa sauti, mpaka tarumbeta la jirani likanyamaza.

Nimekuandikia mara nyingi kwamba sikuharakishi. Uongo mtupu. Kila barua yako ilipofika nilikuwa naipitisha macho haraka nikitafuta neno "narudi", ndipo naanza upya kusoma kama mtu mzima. Nilikukumbuka mpaka nikawa nawachukia watu dukani wanaotuma watoto wao chumvi. Lakini nimekuona kazini. Nilikuona unampeleka yule bibi mwenye fimbo kwenye kiti, umemshikia trei, unamsimulia upuuzi fulani anacheka, wala hukujua nakutazama. Siku ile ndipo nilipojua hurudi, hata kabla ya msimamizi kufungua mdomo. Niliumia na nikafurahi, yote kwa pamoja, na yai likapoa mara ya pili.

Sasa chumba kimejaa saa ukuta mzima. Hakuna mbili zinazopatana. Saa sita ya mchana huku inaanza mapema na kumalizika baadaye sana, na fundi anasema bado anazitengeneza. Nimeanza kuzizoea. Ile siku moja zilipokaa kimya zote, niliamka nikadhani nimekufa.

Nisikudanganye: chumba hakipo tena. Ukija likizo utalala sebuleni, na hutalala sana. Mezani jikoni kile kiti chako cha upande wa dirisha anakikalia fundi saa. Siku za kwanza nilishindwa kumtazama pale, nikawa nakula nimeangalia jiko. Aliniuliza kama ahame upande mwingine, nikamwambia akae. Ni mume wangu, amengoja vya kutosha. Naye kila tukikaa kula hutaja jina lako na kuuliza meli sasa iko wapi, kama vile mimi ni nahodha.

Kwa hiyo njoo. Usiandike kwanza kuuliza kama nafasi ipo. Meza ni ile ile ndogo, unaijua. Tutasogea.

Shangazi yako